Bustani ya jioni ya mwisho wa kaskazi ipangwe kwa harufu na upepo

Mhariri,

Kuanzia katikati ya Januari hadi masika yanapoanza, wakazi wa Pwani huishi zaidi nje ya nyumba zao kuliko ndani, kwa sababu jua la mchana huziacha kuta na mapaa ya mabati yakiwa na joto lisilotoka hadi usiku umeingia sana. Magharibi ikishapita, mikeka hutolewa, watoto huhamia uani, na wazee hukaa barazani wakisubiri upepo. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwamba bustani ya kukaliwa katika saa hizo inaweza kupangwa kwa makusudi, kwamba Pwani yetu ina mimea na maarifa yanayohitajika kwa kazi hiyo, na kwamba tunayapoteza kwa kuiga viwanja vya nyumba ambavyo havikubuniwa kwa hali yetu ya hewa. Bustani ya mwisho wa kaskazi inapaswa kupangwa kwa harufu, kwa upepo na kwa ardhi inayopoa mapema, kabla ya kufikiriwa kwa macho.

Nianze na ardhi. Katika mitaa mipya ya Tanga, na nimeona hali hiyo hiyo Dar es Salaam na Mombasa, mwenye nyumba akishamaliza kupaka rangi hufyeka kila kilichoota, kisha hutandaza vitofali vya saruji kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, na kijani kinachobaki ni mitende ya mapambo iliyo ndani ya vyungu. Uwanja wa namna hiyo hupendeza kwenye picha na ni rahisi kufagia. Ubaya wake hujitokeza jua likishatua. Mwezi Februari joto la mchana katika miji yetu ya Pwani hufika digrii 32 au 33, na saruji iliyokaa juani tangu asubuhi huwa imejaa joto kuliko hewa yenyewe. Usiku ukiingia huanza kulirudisha joto hilo taratibu, saa baada ya saa, wakati ule ule ambao familia imetandika mkeka juu yake. Udongo uliofunikwa kwa nyasi au kwa majani makavu, tena ukiwa chini ya kivuli, haupokei joto kiasi hicho, na mimea yenyewe huipoza hewa kwa maji inayoyatoa kupitia majani. Tofauti hiyo haihitaji kipimajoto. Mtu avue viatu saa moja na nusu usiku, akanyage saruji, kisha akanyage ukoka ulio kando yake.

Sababu zinazotolewa kutetea vitofali nazijua, na si za kupuuzwa: watu wanaogopa nyoka, wanachoka na matope ya masika, na wanahitaji mahali pa kuegesha gari. Lakini gari linahitaji mistari miwili ya kupitisha matairi, wala halihitaji uwanja mzima, na matope huzuiwa na njia nyembamba ya mawe kutoka getini hadi mlangoni. Kuhusu nyoka, vichaka vikatwe matawi ya chini kiasi cha futi moja kutoka ardhini, ili mashina yaonekane na pafagiwe, na lile rundo la matofali na mbao lililobaki baada ya ujenzi, ambalo ndilo maficho halisi ya panya na ya nyoka wanaowafuata, liondolewe. Mahali penye kivuli na penye upepo wa chumvi, nyasi pana za Pemba hustawi vizuri na hazihitaji kukatwa mara kwa mara.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa ndipo picha za ugenini zinapotupotosha zaidi. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu bustani za jioni umetoka Ulaya, ambako mwisho wa majira ya joto ni Agosti na mwanzo wa Septemba. Katikati ya Agosti jua la London huzama baada ya saa mbili usiku, na mwanga wake hubaki angani kwa zaidi ya nusu saa. Ndiyo maana Waingereza hupanda maua meupe na mimea ya majani yenye rangi ya fedha, wapate kuyatazama katika mwanga huo unaofifia polepole. Bustani nyeupe ya Sissinghurst, katika jimbo la Kent, iliyopandwa katika majira ya baridi ya 1949 na 1950, imekuwa kielelezo cha fikra hiyo duniani kote. Ni kazi nzuri kwa mahali pake. Kwetu, karibu na ikweta, jua la Februari huzama yapata saa moja kasorobo, na baada ya dakika ishirini na ushee giza limeshatanda. Anayepanda maua ya Pwani ili yatazamwe wakati wa machweo atayafaidi kwa dakika hizo chache tu, nazo ndizo dakika ambazo watu wengi wako kwenye swala ya Magharibi au jikoni.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa India. Katika mji wa Agra, ng'ambo ya mto Yamuna, ipo bustani ya Mehtab Bagh inayotazamana na Taj Mahal. Ni bustani ya mbalamwezi, iliyopangwa katika karne ya 17, zama za mfalme Shah Jahan, kwa ajili ya kukaliwa usiku, na bwawa lake la pembe nane liliwekwa mahali ambapo taswira ya Taj ingeonekana majini. Waliobuni bustani ile waliutegemea mwezi, unaodumu angani saa nyingi, na waliyategemea maua ambayo hunukia hata yasipoonekana. Wajenzi wa miji yetu ya kale nao walikuwa na nyenzo iliyofanya kazi kama hiyo, nayo ni chokaa. Ukuta uliopakwa chokaa huonekana wazi usiku wa mbalamwezi, na hurudisha mwanga wa kutosha kwa watu waliokaa karibu nao kutambuana bila taa. Kwa hiyo, badala ya kuhangaika na maua meupe mengi, ningeshauri ukuta mmoja, ule unaotazamana na mahali pa kukaa, upakwe chokaa kila mwaka kabla ya kaskazi, na mbele yake kiachwe kichaka kimoja chenye umbo zuri ambacho kivuli chake kitaonekana juu ya weupe huo.

Sasa nije kwenye harufu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha shauri hili zima. Maua mengi yanayofunguka usiku ni meupe au ya rangi hafifu na yana harufu nzito, kwa sababu viumbe wanaoyachavusha ni nondo, na kwa miti mikubwa kama mbuyu ni popo; rangi kali haina faida gizani. Asumini ni mfano bora. Asili yake ni Asia ya Kusini, lakini imekaa Pwani kwa vizazi vingi hata imekuwa sehemu ya harusi zetu na ya mapambo ya kila jioni. Vitumba vyake huchumwa alasiri kabla havijafunguka, hutungwa makoja au hushonwa pamoja na mrehani na waridi kuwa vikuba, kisha hufunguka usiku vikiwa tayari viko kwenye nywele au juu ya mto. Ni mmea unaotaka jua: usipopata jua la angalau nusu siku hujaa majani na kutoa maua machache. Wenye nyumba wengi huupanda upenuni, kwenye kivuli cha kutwa nzima, kisha wakasema kwamba mbegu yao ni mbovu.

Yapo malalamiko mengine yanayosikika kila mwaka, kwamba mwasumini huchanua sana baada ya mvua na kisha hukoma wakati wa joto, wakati ambao harufu yake ingehitajika kuliko wakati wowote. Sababu kubwa ni kwamba haupogolewi. Maua ya asumini hutokea kwenye ncha za machipukizi mapya, na kichaka kisichokatwa hubaki na matawi ya zamani yasiyo na machipukizi. Wakulima wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako asumini ya Madurai ilipewa hati ya utambulisho wa kijiografia mwaka 2013, hupogoa mashamba yao mwishoni mwa Novemba, wakikikata kichaka hadi kiasi cha sentimita 50 kutoka ardhini, ili maua yaanze kuingia sokoni kuanzia Machi. Uani kwetu hakuna haja ya ukali huo. Mvua za vuli zikishapungua, mwishoni mwa Desemba, ikatwe theluthi moja ya urefu wa matawi, matawi makavu ya ndani yaondolewe, samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo wa juu, na maji yasikatike. Machipukizi hutoka ndani ya wiki chache, vitumba hufuata, na kichaka hufikia kilele chake Februari na Machi. Kila kundi la maua likishapita, ncha zilizochanua zikatwe tena kidogo, na kichaka kitaendelea kuchanua kwa awamu hadi masika yatakapoingia.

Katika maeneo yenye udongo wa mawe ya matumbawe, na hayo ndiyo maeneo mengi ya mwambao, majani ya mwasumini mara nyingi hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo si kiu, na kumwagilia zaidi hakusaidii. Udongo wenye chokaa nyingi huuzuia mmea kupata madini ya chuma, na tiba yake ya kudumu ni mboji na samadi kwa wingi, au kuupanda mmea ndani ya chungu kikubwa chenye udongo mwekundu ulioletwa kutoka sehemu za ndani. Kwa sababu hiyo hiyo usipandwe kwenye msingi wa ule ukuta ninaoshauri upakwe chokaa. Uwe mbali nao kidogo, upande wa mahali pa kukaa.

Mkilua unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Ni kichaka cha misitu ya Pwani yetu wenyewe, na wataalamu wa mimea walipouainisha walichukua jina lake la Kiswahili, hata leo vitabuni unaitwa Mkilua fragrans. Ua lake halivutii macho, kwa kuwa ni la manjano na hujificha kati ya majani, lakini likiwekwa kwenye sanduku la kanga huendelea kunukia hata likishanyauka. Mkilua huvumilia kivuli, kwa hiyo ndio mmea wa kuwekwa chini ya mwembe au mwarobaini, mahali ambapo asumini ingekataa kuchanua. Hukua taratibu, na nadhani hilo ndilo linalowafanya wenye vitalu kuukwepa. Ningefurahi kuona vitalu vya Tanga, Pangani na Bagamoyo vikiotesha miche yake, kwa sababu misitu midogo ya mwambao ambako mkilua huota wenyewe inazidi kupungua, na kila anayekwenda kuvunja matawi huko kwa ajili ya sherehe anaipunguza zaidi.

Mlangilangi ni mti mkubwa, na ukiachwa hupita paa la nyumba na kuyapeleka maua yake yote juu, wasikoweza watu kuyafikia. Visiwa vya Komoro, vinavyoongoza duniani kwa mafuta ya langilangi, vina njia yao ya kuishi nao: mti hukatwa kilele ukiwa na urefu wa mita mbili au tatu, na matawi huinamishwa yakaenea pembeni, hata mchumaji huyafikia maua akiwa amesimama chini. Huko maua huchumwa alfajiri na mapema asubuhi, kwa kuwa harufu hupungua jua likipanda. Uani, mti mmoja uliopunguzwa kwa namna hiyo hutosha, nao uwe kwenye kona ya mbali, kwa sababu harufu ya langilangi ikisogezwa karibu mno humeza nyingine zote. Mhina ni tofauti: watu huukumbuka kwa majani yake tu, ilhali vishada vyake vya maua madogo ya rangi ya maziwa vina harufu tamu na ya upole, na mmea wenyewe hustahimili ukame kuliko yote niliyoitaja. Mwenye shida ya maji aanze na mhina.

Nina tahadhari kuhusu mmea mmoja ambao umeenea sana mijini, ule unaouzwa kwa jina la malkia wa usiku, wenye maua membamba ya rangi ya kijani iliyofifia. Asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Harufu yake hufika mbali usiku, na wapo watu wanaoumwa kichwa wakiivuta kwa muda mrefu; isitoshe, matunda yake madogo meupe ni sumu. Usipandwe chini ya dirisha la chumba cha kulala, wala katika nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi. Kwa maoni yangu, penye asumini hauhitajiki kabisa.

Mimea hii yote haitakuwa na faida ikiwekwa upande usiofaa. Kaskazi huvuma kutoka upande wa kaskazini-mashariki, kwa hiyo mimea yenye harufu ikae upande huo wa mahali pa kukaa, upepo uipitie kabla haujawafikia watu. Nimeona nyumba nyingi ambazo mwasumini umepandwa kusini mwa baraza, na harufu yake yote huwaendea majirani miezi mitatu mfululizo. Kadiri Machi inavyoendelea, kaskazi hulegea na yale malelezi ya kubadilika kwa pepo huanza. Jioni nyingine hewa husimama kabisa. Siku hizo mimea iliyo mbali haisikiki, na ndiyo sababu ningependa mrehani, nanaa na mchaichai vipandwe kandokando ya njia na pembeni mwa mkeka, mahali ambapo kanzu na kanga zitavigusa watu wanapopita, kwa kuwa majani ya mimea hiyo hutoa harufu yakiguswa hata pasipo upepo. Kusi likirudi, mkeka uhamishiwe upande mwingine wa kichaka; ni rahisi kuliko kung'oa kichaka. Ukuta wa uzio nao usizibe kila upande. Ukuta mrefu usio na matundu huufanya ua kuwa tanuri, na mafundi wetu wanajua kujenga kwa matofali yenye matundu ambayo hupitisha upepo na bado yakasitiri.

Maji ndiyo mtihani mkubwa wa msimu huu, kwa sababu bustani huyahitaji zaidi katika miezi ambayo mabomba hukauka na visima vya karibu na bahari huzidi chumvi. Maji ya chumvi huunguza ncha za majani ya asumini na ya waridi, kwa hiyo afadhali mimea hiyo ipewe maji kidogo matamu kuliko maji mengi ya kisima kibaya. Maji ya kuoshea mchele na mboga, na maji ya udhu yanayomwagika kila siku, yanatosha kwa vichaka kadhaa yakielekezwa kwenye mashina. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya chungu cha udongo kisichopakwa kitu, ambacho hufukiwa karibu na mmea hadi shingoni, hujazwa maji na kufunikwa. Maji hupenya kwenye kuta zake polepole na kuifikia mizizi bila kupotea juani, na chungu cha kiasi cha lita tano hukaa siku kadhaa kabla ya kuhitaji kujazwa tena. Makumbi ya nazi, ambayo kwetu Tanga hutupwa au kuchomwa, hufaa sana yakipangwa chini ya shimo la kupandia, kwa sababu hufyonza maji na kuyaachia taratibu, na yakitandazwa juu ya udongo huzuia jua lisiukaushe. Umwagiliaji wenyewe ufanywe kuanzia saa kumi na moja jioni, pasiwe na haraka, na maji yaende ardhini wala yasiende juu ya majani, kwa kuwa majani yanayolala na maji huota ukungu. Saa hiyo ina faida ya pili: ardhi iliyolowa huipoza hewa ya uani kabla watu hawajatoka nje.

Siwezi kuzungumzia maji nikaacha mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019, na mbu anayeieneza huuma mchana, hasa asubuhi na saa za kuelekea machweo, tena huzaliana katika maji kidogo sana. Sahani zilizowekwa chini ya vyungu vya maua ni mahali pake panapomfaa mno. Ziondolewe, au zijazwe mchanga hadi ukingoni, na chombo chochote cha maji kimwagwe na kusuguliwa mara moja kwa wiki, kwa sababu yai la mbu huhitaji takriban siku saba hadi kumi kuwa mbu kamili. Vile vyungu vilivyofukiwa visiachwe wazi hata usiku mmoja. Mwenye kutaka bwawa la maji uani awe na samaki ndani yake, na asipokuwa tayari kuwatunza asichimbe bwawa. Upepo wenyewe ni kinga, kwa kuwa mbu hushindwa kuruka vizuri penye upepo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoziba uzio.

Kuhusu taa nitakuwa mfupi. Taa nyeupe kali zinazofungwa juu ya kuta huita wadudu, huwapotosha nondo wanaoyachavusha maua haya, na huufanya mwezi usionekane. Taa chache za rangi ya manjano iliyokolea, ziwe chini ya magoti na zielekezwe ardhini kwenye njia na ngazi, hutosha kabisa, na zina sifa ya kutowavuta wadudu wengi. Wanaohofia wezi wafunge taa kali inayowaka mtu anapopita, ili isikeshe ikiwaka. Nao udi na ubani, ambavyo navipenda kama mtu yeyote wa Pwani, vibaki ndani ya nyumba. Moshi wake ukitoka uani huifunika asumini, na jioni nzima ya kazi ya kichaka hupotea.

Nimeandika haya wakati huu kwa sababu katika miaka hii Ramadhani inaangukia mwishoni mwa kaskazi, na itaendelea kuwa hivyo kwa miaka michache ijayo kabla haijarudi nyuma hadi Desemba. Familia nyingi zinafuturu nje, zinasubiri tarawehe nje, na zinakesha nje. Hakuna wakati ambao uani hutumika zaidi, na mwenye kichaka cha asumini kilichopogolewa Desemba atakuwa na maua ya kugawia msikiti mzima. Bustani za umma nazo zinaonyesha kwamba watu wetu wanazipenda saa hizi: Forodhani ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1936 na kufunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa, hujaa watu jua likishatua kuliko saa nyingine yoyote. Halmashauri zinazotunza bustani za ufukweni, yetu ya Jamhuri hapa Tanga ikiwemo, zingeweza kupanda milangilangi iliyopunguzwa na wigo wa mihina upande unaotoka upepo, kwa gharama isiyofikia ile ya nguzo za taa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zako za makazi na za kilimo zitenge nafasi kwa bustani za Pwani kwa kuzifuata kaskazi, masika, kusi na vuli, na ziwaulize wazee wa Lamu, wa Pemba, wa Bagamoyo na wa Kilwa ni mimea gani waliipanda milangoni mwao na kwa sababu gani. Kwa wasomaji wenzangu, mvua za masika zikianza ndiyo majira ya kukata vipandikizi vya asumini. Vikatwe kwenye matawi yaliyokomaa kiasi, urefu wa sentimita 15 hivi, majani ya chini yaondolewe, vichomekwe kwenye mchanga uliochanganywa na mboji mahali penye kivuli, na visikauke hadi vitoe mizizi. Vikae kitaluni wakati wote wa kusi, vihamishiwe ardhini vuli ikianza mwezi Oktoba au Novemba, na vitaanza kutoa maua kaskazi inayofuata. Mwenye kichaka kikubwa akate vya ziada, awape majirani waliokwisha kutandaza saruji, pamoja na nyundo ya kung'olea vitofali vichache vya kwanza upande wa kaskazini-mashariki.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga